Kamba Isiyovutwa

Stefania alikuwa na kawaida ya kuhesabu vidole vya watu. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Saa nne asubuhi, wafanyakazi wa korona walipopanga foleni ya chai, alisimama karibu na birika akajifanya anaangalia kama sukari inatosha, kumbe macho yake yalikuwa kwenye mikono inayopokea vikombe. Mkono wa kulia, wa kushoto, vidole kumi. Anayefuata. Wakishapita wote kumi na tisa ndipo naye alipojimiminia chai, na hata hiyo ilishuka kwa shida, maana baada ya robo saa mashine ingewashwa tena na hesabu yake yote ingekuwa bure.

Korona ninayoisema si ule ugonjwa uliotuvalisha barakoa. Ni mashine ya kuparua mkonge, na ilikuwa na jina hilo tangu enzi za mababu. Majani yanaletwa kutoka shambani yakiwa mabichi, yanapangwa kwenye meza ndefu, mkanda unayabeba hadi kwenye ngoma mbili za chuma zinazozunguka kwa kasi, na upande wa pili zinatoka singa, yaani nyuzi nyeupe, tayari kwa kuanikwa. Ngoma zile hazichagui. Zikipewa jani zinaparua jani, zikipewa kitu kingine zinaparua hicho hicho. Kelele yake ni kubwa kiasi kwamba watu wa pale huongea kwa nyusi na mabega, na wakitoka jioni bado wanapayuka hata wakiwa sokoni wanaulizia bei ya dagaa.

Stefania alizaliwa kwenye makambi ya shamba hilo hilo la Kwamhosa, nje kidogo ya mji wa Korogwe. Babu yake aliletwa kutoka Songea kuja kukata mkonge, akasema atakaa miaka miwili arudi kwao kuoa. Kaburi lake liko nyuma ya kambi namba tatu. Mjukuu alimaliza darasa la saba, akaanza kuanika singa, baadaye akapelekwa kwenye meza ya kulishia mashine, akaolewa, akazaa wawili, akafiwa na mume, akabaki na nyumba ya vyumba viwili kule Kilole na watoto wa kusomesha. Mwaka uliopita, alipotimiza miaka arobaini na minne, wakampa usimamizi wa korona yote. Kanisani walimpigia makofi. Yeye usiku ule ule aliharisha kwa woga.

Aliogopa kwa sababu alijua anarithi nini. Aliyemtangulia aliitwa Fabiani, na alikaa kwenye kiti kile miaka kumi na sita. Fabiani hakuwahi kumpiga mtu wala kumtukana, naomba hilo lieleweke, maana watu wa namna yake tunawasifu kwamba ni wapole. Juu ya meza ya kulishia, kutoka mwanzo hadi mwisho, kulikuwa na kamba nyekundu. Ukiivuta, mkanda unakatika umeme na ngoma zinaanza kupungua mwendo. Iliwekwa ili mtu akipata hatari mwenzake aivute. Sasa siku ambayo mtu aliivuta, Fabiani alitoka ofisini na kikombe chake mkononi, akatembea taratibu, akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amesimamisha mashine?" Aliyejitaja alipandishwa juu ya pipa pale getini, akasimama hadi jioni, na kila anayepita alitakiwa kumsalimu, "Shikamoo mheshimiwa." Watu walicheka. Asiyecheka alikuwa anajiombea pipa la kesho.

Basi watu wakajifunza kuishi bila kamba. Majani yakijikunja na kubana kwenye mdomo wa mashine, mtu alipitisha mkono haraka, akayachomoa, akautoa, mashine ikiendelea kuunguruma. Waliita kuchokonoa. Aliyeweza kuchokonoa bila kuguswa alisifiwa kwamba ana mkono mwepesi, na mgeni akiingia kazini jambo la kwanza alilofundishwa na wenzake ni hilo, hata kabla ya kuonyeshwa choo kiko wapi. La pili alilofundishwa ni kwamba bosi akionekana anakuja, aliye karibu na bomba la maji aligonge mara mbili kwa chuma. Likigongwa, wote wanasimama wima, glavu mkononi, nyuso za watu wa kupigwa picha.

Alipostaafu Fabiani, ofisi ya shamba ilikuwa imepata meneja mpya, kijana wa Tanga aitwaye Muhsin, msafi, mwenye nia njema hadi inamsumbua. Muhsin aliagiza mtaalamu akaja na makaratasi makubwa ya kubandika ukutani, akawafundisha siku nzima juu ya utamaduni wa kazi na jinsi kiongozi anavyoujenga. Tulikula sambusa, tukanywa soda, tukagawanywa makundi. Nasema tulikula kwa sababu hakuna Mtanzania ambaye hajakaa kwenye semina ile. Mwisho wakaandika maneno matatu, UWAZI, UWAJIBIKAJI, USALAMA, wakayabandika juu ya meza ya kulishia, na katika wiki moja maji ya mkonge yakawa yameyachafua hata hayasomeki.

Lakini Stefania aliyaamini. Jumatatu iliyofuata, kabla mashine haijawashwa, alisimama mbele ya watu wake akawaambia kwamba kuanzia siku hiyo yeyote akiona hatari avute kamba. Haulizwi, hapandishwi pipa, haandikiwi barua.

"Sawa, mama Isaka," wakajibu wote pamoja, kama watoto wa chekechea.

Wiki saba zikapita, na kamba haikuvutwa hata mara moja. Kila asubuhi Stefania aliitazama. Utomvu ulikuwa umeigandia.

Katika wiki ya tatu kati ya hizo saba ndipo binti aitwaye Tatu alipoletwa kazini. Baba yake, Sadala, mkulima wa Mazingara, alisafiri naye tangu alfajiri akamfikisha mpaka mlango wa ofisi. Stefania alimwamkia, na mzee akaitikia akiwa amevua kofia na kuishika kifuani.

"Mama, kule kwetu mahindi yamekauka misimu miwili mfululizo," alisema. "Huyu ndiye wangu wa kwanza kutoka nyumbani. Ana miaka kumi na tisa, hajui mji. Nimekuletea mikono hii miwili. Nakuomba unirudishie kama ilivyo."

"Itarudi, mzee," Stefania alisema. Neno lilimtoka kirahisi, na mzee alipoondoka ndipo alipolipima uzito. Alikuwa amemwahidi mtu kitu asichokuwa nacho.

Kuanzia hapo hofu yake, ambayo zamani ilikuwa imetawanyika kwa watu wote, ikakusanyika kwa yule binti. Asubuhi alimtafuta kwanza yeye kwenye foleni. Nyumbani Kilole, akiwa anachambua mchicha, alijikuta amenyamaza anasikiliza, kama vile kutoka kule angeweza kusikia mashine ikibadilisha mlio. Padri alipoinua mikono kuwabariki waumini, Stefania aliiona mikono ya Tatu. Alijaribu kumhamishia uanikaji, Tatu akaomba kwa machozi arudishwe mezani, maana mezani ndiko kwenye heshima. Wenzake walikuwa wameshamwambia kwamba ana mkono mwepesi.

Siku moja Stefania alipita mlango wa nyuma, ule wa kutolea makapi, ambao bosi hapitii. Hakuna aliyegonga bomba. Akamwona Tatu ameinama juu ya mdomo wa mashine, mkono umeingia mpaka kwenye kiwiko, anachomoa majani yaliyobana, na kando yake wanawake watatu wanacheka na kumtazama kwa kumsifu. Stefania alipiga kelele. Aliisikia sauti yake ndani ya kichwa tu, nje ilimezwa na ngoma. Alikimbia, akateleza kwenye makapi, akaanguka kwa goti, na alipoinua macho mkono ulikuwa umeshatoka, mzima, na Tatu anayapeperusha yale majani kwa furaha. Ndipo mtu akamwona bosi yuko chini. Bomba likagongwa mara mbili. Wote wakasimama wima.

Stefania alipata kuogopwa na watoto wake mara chache, walipovunja kitu. Hakuwahi kuona nyuso kumi na tisa zikimwogopa kwa wakati mmoja. Alitambua kwamba kwao hakukuwa na tofauti yoyote kati yake na Fabiani, isipokuwa yeye hakushika kikombe.

Alimfuata mzee Bernardo, fundi wa mashine, aliyekuwa anapaka grisi kwenye banda lake. Bernardo alikuwa pale tangu mkonge una bei, wakati shamba lilikuwa na timu yake ya mpira.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama Isaka."

"Mzee, kwa nini hawaivuti kamba? Nimewaambia mara ngapi? Wanadhani nawatega?"

Bernardo aliendelea kupaka grisi. "Unataka jibu, au unataka nikutulize?"

"Nataka jibu."

"Basi jibu unalo. Siku ile ya Efrazia, nani alikuwa karibu na kamba?"

Stefania aliutazama mkebe wa grisi.

"Wote tunajua," Bernardo alisema, na hakusema kwa ukali. "Hata hawa wageni wanajua. Huyu binti wa Mazingara aliambiwa siku ya pili tu. Sasa wewe ndiye unayesimama unasema vuteni kamba. Wanakuheshimu, mama. Ila hapo wanakuona unasoma karatasi ya semina."

Kwa miaka saba Stefania alidhani siri ile ni yake na Fabiani.

Yaliyotokea ni haya. Efrazia na Stefania walikuwa wamepangwa bega kwa bega mezani, marafiki tangu utotoni, waliotumia hata kioo kimoja kusukana nywele. Wiki moja kabla, Stefania alikuwa amevuta kamba kwa sababu ya waya ulioingia na majani, na Fabiani akampandisha pipa kutwa nzima juani, mtoto wake mdogo akaletwa kunyonya akiwa juu ya pipa vile vile. Kwa hiyo siku majani yaliponasa mkono wa Efrazia, kamba ilikuwa juu ya kichwa cha Stefania, hata kunyoosha mkono vizuri kusingehitajika. Aliona. Alikuwa na muda, mfupi, ila alikuwa nao. Akaliona pipa. Akajiambia, Efrazia ana mkono mwepesi, atajitoa. Aliyevuta kamba alitoka upande wa pili wa meza, na alichelewa.

Jioni ile Fabiani alimletea karatasi iliyokwisha kuandikwa, kwamba Efrazia alikuwa anafanya mzaha mezani na aliingiza mkono kwa uzembe wake mwenyewe. Stefania akaweka sahihi. Efrazia alitoka hospitali bila kiganja cha kulia, akakuta barua ya kuachishwa kazi.

Baada ya kuongea na Bernardo, Stefania alikwenda Manundu. Alikuwa amepita njia nyingine kwa miaka saba ili asipite pale. Efrazia alikuwa na genge la nyanya na vitunguu karibu na barabara, akipanga mafungu kwa mkono wa kushoto, haraka na kwa unadhifu, mkono wa kulia ukiwa ndani ya kanga. Alimwona Stefania tangu mbali na hakuacha kupanga.

"Karibu, nyanya mia tano fungu."

"Efra."

"Hizi za huku zimeiva sana, chukua za kule."

Stefania alichuchumaa pale pale mbele ya genge. Alianza kueleza. Alisema juu ya pipa, juu ya mtoto, juu ya karatasi ya Fabiani. Alilia. Wateja wawili walikuja, wakahudumiwa, wakaondoka wanamwangalia. Alipofika kwenye sahihi, Efrazia alimkatiza.

"Stefa, unaniambia mimi ya nini? Mimi nilikuwepo." Alifuta nyanya moja kwa upindo wa kanga. "Nilikutazama. Ulinitazama. Kuna nini hapo nisichokijua?"

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Msamaha utaukuta kwangu siku nikiwa nao, leo sina. Kama kweli unataka kusema, kawaambie wasiokuwepo. Mimi niliambiwa mzembe mbele ya watu wote wa Kwamhosa. Hukuja kunong'ona kwenye genge siku hiyo."

Stefania alinunua nyanya mafungu mawili kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake, akaondoka.

Siku nne zilizofuata alikuwa mgonjwa asiye na ugonjwa. Akisema, atafukuzwa; hilo aliliona wazi. Nyumba ya Kilole haijapigwa lipu, Isaka yuko kidato cha tatu, mdogo wake ndiyo kwanza yuko darasa la pili. Huenda hata wangempeleka polisi kwa kusaini uongo. Akinyamaza, ataendelea kusimama kila Jumatatu mbele ya watu wanaomjua, akiwaambia maneno wasiyoyaamini, mpaka siku ambayo mkono wa binti wa Sadala utaingia usitoke. Kila alipofumba macho aliona mzee amevua kofia. Aliomba Mungu amwondolee hofu, na Mungu hakumwondolea. Akaona atakwenda nayo hivyo hivyo.

Jumatatu aliomba meneja Muhsin aje kwenye kikao cha asubuhi. Muhsin alikuja na daftari, anadhani kuna sherehe ya kutimiza miezi miwili bila ajali. Mashine ilikuwa haijawashwa. Watu walikuwa wamekaa juu ya mizigo ya majani, na Tatu yuko mbele anatafuna muwa.

Stefania alikuwa amepanga maneno mazuri, yakapotea yote. Alisema, "Efrazia hakuwa anafanya mzaha. Mimi nilikuwa chini ya kamba. Niliona mkono wake unakwenda na sikuvuta, kwa sababu niliogopa pipa. Halafu nikasaini kwamba ni uzembe wake. Ni mimi niliyesaini." Alishika ukingo wa meza ya kulishia. "Nimewaambia vuteni kamba wiki saba. Na mimi siku yangu sikuvuta. Ndiyo hayo tu."

Hakuna aliyepiga makofi wala kuja kumkumbatia, kama mtaalamu wa semina angependa kutusimulia. Mwanamke mmoja aliinamisha kichwa akaanza kukwangua tope kwenye buti lake. Tatu aliacha kutafuna. Wote walikuwa wamegeuka wanamtazama Muhsin, na Stefania naye, katika hofu yake yote, alielewa kwamba kinachosubiriwa pale si hukumu yake. Walitaka kuona mtu aliyesema ukweli kwenye banda lile anafanywa nini.

Muhsin alifunga daftari. Alikuwa amepauka. Ni kijana, na hakuna makaratasi ya ukutani yanayomwambia mtu cha kufanya asubuhi kama ile.

"Mama Stefania," alisema mwishoni, "ule uongo una adhabu yake na utaipata. Sitaificha. Lakini kwa kusema ukweli leo, hapa, hakuna mtu atakayekugusa. Na Efrazia faili lake nalifungua mimi mwenyewe leo."

Adhabu ikaja Ijumaa. Alivuliwa usimamizi, akapewa onyo la maandishi, akarudishwa mezani kulisha mashine, mahali pale pale alipokuwa miaka saba nyuma. Mzee Bernardo akashikilia usimamizi kwa muda, akilalamika kwamba kiti kinamuumiza mgongo. Efrazia aliitwa ofisini mara mbili kutoa maelezo, akaja, akatoa, akapita mbele ya Stefania bila kumsalimu.

Kilichomtisha Stefania kuliko kushushwa cheo ni kwamba mambo yalibaki vile vile. Wiki nzima akiwa mezani alisikia bomba likigongwa Bernardo anapokuja, na aliona mikono ikiingia kwenye mdomo wa mashine kama kawaida. Tatu alipangwa kando yake na hakumsemesha zaidi ya salamu. Stefania alipomwambia, "Mwanangu, usichokonoe, vuta kamba," binti alisema, "Sawa, mama," kwa sauti ile ile ya chekechea. Alianza kufikiri kwamba amepoteza cheo, amewaaibisha watoto wake, na hajapata kitu. Aliogopa kwenda kazini kuliko alivyowahi kuogopa, na sasa hakuwa hata na birika la kusimama karibu nalo.

Alhamisi ya wiki ya pili, saa nane mchana, trekta lilileta majani yaliyonyeshewa mvua. Majani mabichi ya namna hiyo huteleza na kujikunja. Stefania alikuwa anasukuma mzigo wa mwisho wa trela pale jani moja lilipogeuka, mwiba wake wa nchani ukapenya kwenye mkono wa ovaroli yake, ukatoka upande wa pili. Mkanda ukavuta jani, na jani likamvuta yeye.

Inafaa niseme lililompata, ingawa mwenyewe hupenda kuliruka. Hakupiga kelele. Mwanamke aliyesimama mbele ya watu akasema vuteni kamba, aliyepoteza kiti chake kwa ajili ya kamba ile, kitu cha kwanza kilichomjia kilikuwa aibu. Asionekane. Alijikaza, akavuta mkono wake kimya kimya, akitazama mbele kana kwamba hakuna lolote, akiamini atajitoa tu kabla watu hawajajua. Nguo ilikuwa ngumu, mpya, haikuchanika. Kiwiko kikapita ukingo wa meza. Akauhisi upepo wa ngoma kwenye vidole, upepo wa baridi wenye matone, na hapo ndipo hofu ilipopasuka ndani yake, na wakati huo sauti ilikuwa haipo tena, kinywa kiko wazi hakitoi kitu.

Mkanda ukasimama.

Ngoma zilizunguka kwa mazoea, zikapungua, zikanung'unika, zikanyamaza. Kati ya vidole vyake na chuma ilikuwa imebaki nafasi ya kupitisha kikombe. Banda zima likawa kimya hadi likasikika tone la maji kutoka kwenye paa, na mbali huko, mtu anapiga honi barabarani.

Tatu alikuwa ananing'inia kwenye kamba kwa mikono yote miwili, miguu karibu iache ardhi. Hakuwa anamtazama Stefania. Alikuwa anatazama mlango wa ofisi.

Bernardo alifika na kisu akaukata mkono wa ovaroli bila kusema neno, akauchomoa mwiba, akamkalisha Stefania juu ya majani. Mlango ukafunguliwa. Muhsin alikuwa ameusikia ule ukimya kutoka ofisini, akatoka anakimbia, bila kofia ngumu, tai imepinda. Watu wote wakajikaza. Mwanamke aliyekuwa karibu na bomba alikuwa ameshika kile chuma mkononi, ameganda nacho, hagongi.

"Ni mimi, bosi," Tatu alisema kabla hajaulizwa. Machozi yalikuwa yanamshuka, na kamba alikuwa bado hajaiachia. "Nimesimamisha mimi. Mimi Tatu Sadala."

Muhsin alimtazama, akautazama mkono wa ovaroli uliolala chini, kisha akamtazama Stefania. Uzalishaji wa mchana ule ulikuwa umeahidiwa mtu, lori lilikuwa linasubiri getini, na kila aliyekuwepo alijua hivyo.

"Tuwashe lini?" akauliza.

Bernardo ndiye msimamizi, basi wote wakamgeukia yeye. Bernardo akamnyooshea Stefania kidole.

Stefania aliutazama mkono wake. Ulikuwa mzima, umelowa, na haukutulia hata aliposhika goti kuuzuia.

"Bado, bosi," alisema. "Bado natetemeka."

Muhsin akavuta kreti tupu, akakaa.